Tranka, pipa, kabati au mfuko wa kubana: vitu vya ndani vikae wapi visiote ukungu?

Swali hili hujitokeza mtu anapopata uhamisho wa kikazi, anapoondoka kwenda Uarabuni kwa miaka miwili mitatu, au anapohama nyumba ya vyumba vitatu na kuingia chumba na sebule. Vitu vinabaki, na havijulikani vihifadhiwe ndani ya nini. Ukienda kuulizia, kila mtu anavutia kwake. Fundi bati atakwambia tranka, muuza plastiki atakuonyesha kasha lenye vifungio, seremala ataapa kuwa hakuna kama mbao, na siku hizi kuna mifuko ya kunyonya hewa inayolibana blanketi zito likawa jembamba kama chapati. Hakuna anayekudanganya. Kila mmoja anakuonyesha upande mzuri wa chombo chake, basi.

Naandika nikiwafikiria zaidi watu wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara, ambako hewa yenyewe ni ya majimaji karibu mwaka mzima. Walio nyanda za juu wana shida yao nyingine, ya baridi. Nitaigusia kwenye tranka.

Ukungu unataka nini

Mbegu za ukungu zimo hewani kila mahali, huwezi kuzifagia zikaisha. Chakula chake hakikosekani ndani ya nyumba: pamba, ngozi, karatasi, gundi ya kabati, wanga uliopigwa kwenye shati, jasho lililobaki kwenye kola. Joto unalolipenda ndilo tunaloishi nalo. Kinachobaki ni maji, na hapo ndipo pa kuubania. Hewa ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 70 kwa siku nyingi mfululizo, ukungu unaota. Ukiushusha unyevu chini ya asilimia 60, unalala. Dar es Salaam wakati wa masika, hasa Aprili, hewa ya alfajiri hukaribia kujaa maji kabisa, kwa hiyo kitu kilichoachwa wazi ndani ya nyumba iliyofungwa hakina bahati.

Kuna jambo moja linalowaponza wengi. Nguo ya pamba ambayo mkononi unaiona imekauka kabisa bado ina maji. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji yapatayo asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake. Furushi la kilo 10 la kanga na mashuka, lililoanuliwa na kukunjwa vizuri, linaingia sandukuni na karibu robo tatu ya lita. Hewa ikiwa nzito zaidi, maji nayo yanaongezeka. Hakuna anayeyaona, maana hayachuruziki.

Ndiyo maana navigawa vyombo vyote vya kuhifadhia kwenye mafungu mawili: vinavyopumua na vinavyoziba. Chombo kinachopumua kinataka mtu, wa kufungua, kuanika na kupanguza. Kinachoziba kinataka vitu viwe vikavu tangu siku ya kwanza, kwa sababu ulichokifungia humo ndicho utakachokikuta. Nguo nyingi zinazoharibika huwa zimefungiwa na maji yake, au zimeachwa kwenye chombo cha kupumua huku mwenyewe ameifunga nyumba na kuondoka na funguo.

Tutapima kwa vigezo gani

Kila chombo nitakiuliza maswali yaleyale. Kinazuia unyevu unaotoka nje kiasi gani? Unyevu uliofungiwa ndani kinaufanya nini? Panya, mende, nondo na mchwa wanaingia? Kinahitaji uangalizi wa mara ngapi? Bei, uzito na nafasi vikoje? Halafu, kinamfaa nani. Bei kamili siziandiki, zinabadilika kila mwezi na kila mtaa. Nitasema kipi ni ghali kuliko kipi.

Tranka la bati

*Unyevu wa nje.* Mfuniko wa tranka unakalia ukingo, haubani. Kwenye pembe na kwenye bawaba daima kuna upenyo, na hewa ya masika inaingia humo taratibu. Likidondokewa na maji ya paa linalovuja, tranka zima linakinga vizuri, mradi mfuniko uwe na kingo zinazoshuka pembeni.

*Unyevu wa ndani.* Hapa ndipo tranka linapokosa alama. Bati hupoa haraka kuliko nguo zilizomo. Usiku joto likishuka, hewa ya ndani inaligusa bati la baridi na kutoa jasho. Matone yanajikusanya chini ya mfuniko, yanatelemka pembeni na kuishia kwenye nguo za chini kabisa. Ukilifungua baada ya msimu, nguo za juu unazikuta salama, moyo unatulia. Unaendelea kupakua, ukifika chini unakuta kitenge kimegandamana na bati, kina duara la kutu la hudhurungi, na kawa nyeusi, yaani madoa ya ukungu, zimejipanga kufuata mkunjo. Doa hilo la kutu usilimwagie jiki, linazidi kukomaa. Limau na chumvi, kisha juani, ndiyo dawa yake.

Kwa watu wa Njombe, Makete au Limuru, ambako Juni na Julai usiku unauma, jasho hili ni kubwa kuliko la pwani. Pwani linakuwa baya pale tranka linapowekwa kwenye stoo iliyoezekwa bati bila dari: mchana moto, usiku linapoa. Wanaonunua kontena la futi 20 na kuliegesha kiwanjani ili liwe stoo wajue wamenunua tranka kubwa. Litatoa jasho vilevile, tena kwa ndoo.

*Wadudu.* Hapa halina mpinzani. Panya hatoboi, mchwa hali, na mtoto hafungui ukitia kufuli.

*Uangalizi.* Lifunguliwe kila baada ya miezi miwili hivi, mchana wa jua. Kutu ikianza, ipigwe msasa na rangi ya mafuta kabla haijatoboa.

*Gharama na nafasi.* Bei ya wastani, na unaweza kuagiza kwa vipimo vyako. Mafundi wa Gerezani pale Kariakoo na wa Kamukunji Nairobi wanatengeneza ukubwa wowote. Mwambie fundi mambo mawili ambayo asipoambiwa hafanyi: apake rangi na ndani pia, na aweke vimiguu ili chini ya tranka papite hewa. Agiza mawili ya wastani badala ya moja kubwa. Kubwa likijaa, siku ya kuhama mtavunjana migongo.

*Linamfaa* aliye na panya, anayehofia wizi, mwanafunzi wa bweni, na mwenye sufuria, sahani, vifaa vya ufundi na vitu vingine visivyoota ukungu kirahisi. Kwa nguo linafaa kama ndani kabisa utatandika shuka nene la pamba, na kuna mtu wa kulifungua.

Kasha la plastiki na pipa

Hivi ni vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kasha ni lile la kuonyesha ndani, lenye vifungio viwili vya pembeni. Pipa ni lile la bluu, la lita mia moja au mia mbili, lenye mfuniko mpana na pete ya chuma inayobana mpira.

*Unyevu wa nje.* Pipa lenye mpira mzima linaziba kweli. Kasha la kawaida haliwezi kuziba hivyo, hata kama tangazo linasema hivyo, kwa sababu mfuniko wake hauna mpira. Lipime kabla ya kununua: weka kipande cha karatasi ukingoni, funga vifungio, kisha uvute. Karatasi ikichomoka kwa urahisi, hewa nayo inapita. Pipa unalipima kwa tochi ya simu. Iwashe, itumbukize ndani, funga, zima taa ya chumba uangalie mzunguko wa mfuniko. Ukiona hata uzi wa mwanga, badilisha mpira.

*Unyevu wa ndani.* Halitoi jasho kwa haraka kama bati, lakini kilichomo hakitoki. Ukipakia nguo zilizokauka sawasawa, utazikuta zilivyo baada ya miaka. Ukipakia zenye uvuguvugu wa unyevu, umezichemshia ukungu, na harufu ya uvundo utakayoipata siku ya kufungua haitoki kwa mfuo mmoja.

*Wadudu.* Mende na nondo hawapiti kwenye pipa. Kwenye kasha wanapita kama kuna upenyo. Panya mwenye nia anaguguna plastiki, hasa pembe na mdomo wa kasha. Pipa nene humshinda mara nyingi.

*Uangalizi.* Kidogo kuliko vyombo vyote. Pipa lililopakiwa vizuri ni afadhali lisifunguliwe kabisa wakati wa mvua, maana kila ukifungua unaingiza hewa mbichi.

*Gharama na nafasi.* Kasha ni rahisi kupata na yanapangika moja juu ya jingine. Ya chini yasibebeshwe vitabu, yatapasuka. Pipa lililotumika huwa bei nafuu, ila uliza lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au juisi linasafishika. Lililobeba kemikali usiyoijua liache hapohapo, hata muuzaji akupunguzie vipi.

*Linamfaa* anayeifunga nyumba na kuondoka, mwenye chumba kimoja, na mwenye nguo nyingi za pamba na mashuka. Halimfai mtu mwenye haraka, anayepakia usiku wa kuamkia safari.

Kabati au sanduku la mbao

*Unyevu wa nje.* Mbao hazizuii unyevu. Zinaunyonya, halafu zinautoa hewa ikikauka. Kwa hiyo ndani ya kabati la mbao nzito mabadiliko huja polepole: mvua ya siku mbili haifiki kwenye nguo, mvua ya miezi miwili inafika.

*Unyevu wa ndani.* Hii ndiyo sifa ya mbao. Nguo yenye unyevu kidogo inapata pa kuutolea, na jasho la matone hulioni. Masanduku ya Kizanzibari yenye misumari ya shaba yametunza nguo za watu vizazi na vizazi, lakini tusisahau kilichokuwa kikifanyika: sanduku lilifunguliwa kila sikukuu na kila harusi, nguo zikatolewa, zikaanikwa, zikafukizwa udi na kukunjwa upya. Sanduku halikuachwa peke yake.

Maneno haya yote ni ya mbao halisi kama mvule na mninga. Kabati la mbao za kusagwa na kugandishwa kwa gundi ni jambo jingine kabisa. Likipata maji chini linavimba, linabanduka ngozi, na ule unga uliovimba unakuwa shamba la ukungu. Kama ndilo ulilonalo, lihifadhi lenyewe kama kitu kinachohitaji kulindwa, usilitegemee kulinda vingine.

*Wadudu.* Mvule na mninga zinawasumbua mchwa. Paini isiyotiwa dawa ni karamu yao, na wakipanda kutoka ukutani huwaoni mpaka ubao wa nyuma ugeuke karatasi. Mende na nondo wanaingia kwenye kabati lolote.

*Uangalizi.* Mwingi. Lifunguliwe kila baada ya wiki chache, na masika yakianza mara nyingi zaidi. Nguo zisibanane, mkono upite kati ya hanga na hanga.

*Gharama na nafasi.* La mvule ni ghali kupita vyote hapa na halihamishiki bila vijana wanne. Lakini ndilo pekee ambalo wajukuu wataligombea.

*Linamfaa* anayekaa nyumbani, au mwenye mtu wa kukaa. Viatu vya ngozi, mikoba, suti na majoho hukaa vizuri zaidi hapa kuliko kwenye plastiki, kwa sababu ngozi ikifungiwa bila hewa hufanya unga mweupe au wa kijani.

Mifuko ya kubana

Hii ni ile mifuko minene yenye zipu na tundu la kunyonyea hewa kwa pampu. Isichanganywe na mifuko ya rambo, ambayo Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Hata ile ya zamani iliyobaki darini haifai, ni myembamba na inatoboka.

*Unyevu wa nje.* Mfuko mzima unazuia vizuri. Tatizo ni zipu na lile tundu. Baada ya miezi kadhaa mingi huanza kurudisha hewa kidogokidogo, na utaona mfuko umevimba tena.

*Unyevu wa ndani.* Ni sawa na pipa. Usidhani kwamba hewa ikitolewa ukungu unakufa. Pampu ya mkono haitoi hewa yote, na ukungu haudai nyingi.

*Wadudu.* Nondo na mende hawaingii. Panya akiusogelea, jino moja linatosha.

*Uangalizi.* Kuutazama tu kama umevimba, na kuubana upya siku kavu.

*Gharama na nafasi.* Bei ndogo, na kwa kuokoa nafasi hauna mfano: mablanketi manne yanaingia mahali pa moja. Godoro la sponji likikaa limebanwa muda mrefu linaweza lisirudi unene wake, na hariri au suti zitatoka na mikunjo migumu. Ngozi usiitie kabisa.

*Unawafaa* wenye mablanketi, masweta, mapazia na nguo za watoto zinazomsubiri mdogo wao. Wenyewe hautoshi, uwekwe ndani ya tranka au kasha. Huu ndio mchanganyiko ninaoupenda: mfuko unazuia jasho la bati lisifike kwenye nguo, bati linamzuia panya asifike kwenye mfuko.

Mkaa, chumvi, vidonge na udi

Chombo chochote utakachochagua, mtu atakushauri utie kitu humo ndani. Mashauri mengine ni mazuri, mengine ni ya kujiliwaza.

Punje za silika, zile zinazokuja na viatu vipya, zinafanya kazi kweli, ila hesabu yake inahitaji ukweli. Ukitaka kuzipunguzia zile kilo 10 za nguo gramu 200 tu za maji, utahitaji zaidi ya nusu kilo ya silika. Vipakiti vitano ulivyookota kwenye maboksi ya viatu ni mapambo. Silika ifanye kazi ya kulinda ukavu, isipewe kazi ya kukausha. Mahali pake hasa ni kwenye kikasha kidogo cha vyeti, kamera au picha. Ikijaa, iweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 120 hivi kwa saa moja au mbili, inarudi upya.

Vile vikopo vya madukani vyenye chembe nyeupe zinazogeuka maji ni kloridi ya kalsiamu. Vinavuta maji mengi kupita uzito wake. Ndani ya kabati linalopita hewa vitajaa baada ya wiki chache na kazi imekwisha, na vikipinduka, yale maji yanaharibu ngozi na nguo. Viwekwe wima, chini, ndani ya bakuli, na pawe na mtu wa kuvimwaga. Nyumba isiyo na mtu visiwekwe.

Mkaa unapunguza harufu. Kwa unyevu nguvu yake ni ndogo. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji hewani pale unyevu unapozidi kama asilimia 75, yaani inaamka wakati ukungu umeshaamka zamani. Mchele acha upikwe.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, ni dawa ya nondo. Ukungu hauvijali. Na kwa nguo za mtoto mchanga usivitumie kabisa: watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao ni wengi katika maeneo yenye malaria kama pwani yetu, wanaweza kuvunjikiwa chembe za damu kwa kuvishwa nguo zilizokaa na naftalini. Nguo za kitoto zifuliwe na zianikwe upya, basi.

Udi, kafuri na karafuu tunavipenda na tutaendelea kuvitia. Vinapendeza, na kafuri humkera nondo. Lakini harufu nzuri inaufunika uvundo, na uvundo ndiyo taarifa ya kwanza unayopata kwamba kuna ukungu. Kagua kwanza, fukiza baadaye.

Mahali chombo kinapowekwa

Chombo kizuri mahali pabaya ni hasara. Epuka ukuta unaopakana na bafu, ukuta wa nje unaopigwa na mvua za kusi, na sakafu iliyo chini ya usawa wa uwanja. Uvungu wa kitanda ni mahali tunapopapenda kuliko panavyostahili, maana hewa haipiti na sakafu hutoa baridi.

Kama hujui chumba kipi ni salama, fanya jaribio la nailoni. Kata kipande cha nailoni ya kuonyesha, kama ukubwa wa karatasi ya daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, pasibaki upenyo, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, unaogusa ukuta, basi ukuta wenyewe unapandisha maji na hapo usiweke kitu. Matone yakiwa upande wa nje, tatizo ni hewa ya chumba, na chumba kinaweza kusaidiwa kwa kufunguliwa. Rudia sakafuni. Katika nyumba za kale za mawe, Mji Mkongwe au Lamu, kuta zilizopigwa lipu ya chokaa hupumua. Zilizokuja kupigwa saruji juu yake hufungia maji ndani, na rangi inabanduka kwa vipande. Chombo kikae shubiri moja kutoka ukutani na juu ya matofali mawili au chaga.

Kwa hali yako

*Unaifunga nyumba na hakuna wa kuifungua.* Nguo na mashuka kwenye pipa lenye mpira, vyombo kwenye tranka, viatu vya ngozi wagawie ndugu au ondoka navyo. Pakia saa za mchana za siku kavu, wakati wa kiangazi au kipupwe, nguo zikitoka juani moja kwa moja. Usizianue jioni ukazipakia kesho. Usiku mmoja unatosha kuzirudishia maji.

*Nyumba ina mlinzi, au shangazi yuko mtaa wa pili.* Hapo kabati la mbao lina maana, na hata tranka. Ila usimwachie maneno ya jumla kwamba awe anafunguafungua madirisha. Mpe saa. "Shangazi, shikamoo. Naomba siku isiyo na mvua mnifungulie kuanzia saa tano mpaka saa tisa alasiri, na milango ya kabati pia, kisha mfunge." Dirisha linalofunguliwa alfajiri au baada ya mvua linaingiza maji badala ya kuyatoa.

*Umepanga chumba kimoja.* Makasha mawili matatu yanayopangika, na mifuko ya kubana ndani yake kwa mablanketi. Chumba kina mtu kila siku, kwa hiyo hata kasha lisiloziba kabisa litakutosha. Kinachokuumiza zaidi ni kuanika nguo mbichi ndani usiku na kupikia humohumo.

*Mwanafunzi.* Tranka, na mfuko mmoja wa kubana kwa shuka na sweta. Taulo bichi lisifungiwe humo hata siku moja.

*Vitu vya mzazi aliyefariki.* Hapa mara nyingi familia inafungia chumba kizima, watu hawana moyo wa kugusa, na miaka inapita. Kama hamko tayari kugawana nguo, angalau toeni karatasi na picha mapema. Picha zitolewe kwenye albamu zenye gundi, kila moja itenganishwe na karatasi kavu, ziwekwe pamoja na vyeti na hati ya kiwanja ndani ya kikasha kidogo kinachoziba chenye silika. Picha zilizogandana usizibandue kwa kucha. Kwanza zipigeni picha kwa simu jinsi zilivyo.

*Tayari kuna ukungu.* Usikichanganye kitu hicho na vizima ukitumaini kitapona humo. Kitoe nje, vaa barakoa, kipanguze au kifue, kianike juani siku zaidi ya moja. Godoro lililooza ndani liondoke.

*Masika yameshaanza na safari ni wiki ijayo.* Usizibe chochote cha pamba kwa kutegemea jua ambalo halipo. Piga pasi kila nguo mpaka mvuke uishe kutoka, igeuze na upande wa pili, itie kwenye pipa ikiwa bado na moto na ufunike pipa wakati unapiga pasi nguo inayofuata. Zile ambazo hukuwahi kuzipiga pasi zining'inize wazi kabatini, milango ikiwa imeachwa wazi, na umwombe mtu azimalizie Juni, mvua zikikatika.